Hapa Utaulizwa Mara Moja Tu

Ipo siku moja, mwanangu, nikiikumbuka mpaka leo moyo unajaa shukrani hadi nashindwa kuendelea na ninalolifanya. Ni siku niliyolia mbele ya foleni ya watu katika duka moja kule Kenton, mtaa mmoja wa London, nimekumbatia mfuko wa unga wa sembe, na mwenye duka akawaacha wateja wake wasimame akaja kunishika. Nitakufikisha hapo. Vuta kiti kwanza, na hilo koti usilivue, nyumba yangu ina baridi.

Leo unaniona hapa Walthamstow, bibi mzima na kigari changu cha kwendea sokoni, wajukuu nawasemesha Kiswahili wananijibu Kiingereza. Lakini nilikuja London msichana kama wewe uliyefika juzi kusoma. Nilikuwa mwalimu wa jiografia Tanga, nikapata nafasi ya kubadilishana wanachuo na chuo kimoja cha huku, mwaka mmoja wa masomo kisha nirudi. Shule nzima walikuja kunisindikiza stendi. Mkuu wa shule aliniambia wazi kwamba nikifanikiwa, chuo kile kitaendelea kuchukua walimu wetu, na nikishindwa, mlango utafungwa nyuma yangu. Basi fikiria mzigo huo, juu ya sanduku.

Sasa sikiliza tulivyolelewa, maana ndipo kisa kilipo. Kwetu salamu haina haraka. Mtu anakuuliza hujambo, unasema sijambo, hata kama juzi homa ilikulaza. Anauliza habari za nyumbani, unasema njema. Za watoto? Hawajambo. Za tangu tuonane? Hapo sasa unavuta pumzi unasema, "Njema, ila..." Na baada ya hiyo ila ndipo mambo yote yanapotoka, mgonjwa, msiba, ugomvi. Hata aliyekuja kukupa habari ya kifo huanza na njema. Na chakula vilevile. Ukikaribishwa husogei mara ya kwanza, unasema nimeshiba, mwenyeji anakataa katakata, anakushika mkono, ndipo unanawa. Ni malezi mazuri, siyasemi vibaya. Ila yanataka watu wawili wanaoujua mchezo.

Nilipofika, vuli ya huku, majira ya majani kupukutika, ndiyo kwanza ilikuwa inaingia. Chuo kikatupeleka sisi wageni majumbani kwa watu, tule nao chakula cha Jumapili. Mama mwenye nyumba, mwanamke mpole kweli, akanisogezea sahani ya viazi vya kuokwa. "Utaongeza?" Nikatabasamu kwa adabu zote za Tanga, nikasema hapana, ahsante, nimeshiba, na tumbo huku chini linanguruma. Lo! Si akaichukua ile sahani akairudisha jikoni! Nikabaki nimeikodolea macho mpaka ikapotea mlangoni. Nililala na njaa siku hiyo, na nikamwandika yule mama katika watu wachoyo, Mungu anisamehe.

Wiki nyingine wakatangaza matembezi ya msitu wa Epping, kwenda kutazama majani yanavyogeuka rangi. Mwenzangu darasani akaniuliza, "Utakuja?" Nikasema, "Ah, nisije nikawasumbua." Akajibu, "Basi sawa." Jumamosi ile nilivaa, nikajipaka mafuta, nikakaa kitandani nikingoja mtu aje kugonga mlango na kusema acha maneno yako, twende. Nani aje? Wenzangu walikuwa msituni wanapiga picha. Nikajiambia watu wa hapa hawana utu, hawanitaki. Ndivyo upweke unavyoanza, mwanangu, kwa kuwasingizia watu makosa wasiyoyajua.

Mwisho wa Oktoba wakarudisha saa za nchi nzima nyuma, kama wafanyavyo kila mwaka, na kuanzia hapo saa kumi na moja jioni giza totoro. Natoka darasani usiku, naamka usiku. Chumba changu kilikuwa nyuma ya nyumba, chini, jua hakilijui. Mimi mtoto wa joto, tangu wiki ya kwanza nilifanya kila nilichoweza kuzuia baridi. Dirisha nikalibandika utepe pembe zote. Ukutani kulikuwa na tundu dogo lenye wavu linaloingiza upepo, nikalisokomeza kitambaa. Nguo nikifua nazitandaza juu ya hita, zinakauka usiku mmoja, nikajiona mjanja. Baada ya muda ukuta nyuma ya kabati ukaota kuvu nyeusi, na mimi nikaanza kukohoa.

Kikohozi kile kilianza kama mchezo kikawa kazi. Ngazi za maktaba nazipanda nusu, nasimama, nashika ukuta. Kila Jumatatu nilikutana na msimamizi wangu wa masomo, Profesa, mzee mrefu mkimya mwenye sweta iliyotoboka viwiko. Ananifungulia mlango, anauliza, "Hujambo? Unaendeleaje?" Nami najibu, "Vizuri sana, ahsante," kisha nanyamaza nikingoja. Namngojea aulize ya pili, ya nyumbani, ya usingizi, yoyote ile, nipate pa kuiweka ila yangu. Yeye anafungua makaratasi. Wiki hiyo, na nyingine, na nyingine. Kazi zangu zikaanza kuchelewa, akanitazama juu ya miwani, akaendelea kusoma. Nikaona basi, huyu naye hana habari na mimi. Nikaamua kurudi nyumbani kabla ya Krismasi. Nikawaza uso wa mkuu wa shule, nikawaza walimu wenzangu wanaosubiri zamu yao, nikalia, lakini nilikuwa nimeshaamua. Niliona heri kurudi na aibu kuliko kurudi kwenye sanduku la mbao.

Ndipo siku hiyo nikaingia kununua unga katika lile duka la Kenton, kwa Bi Kusum, ambaye nilishafika kwake mara moja tukaulizana makwetu. Alikuwa Mhindi wa Mwanza, amezaliwa kule na kukulia kule, Kiswahili chake cha ziwani kimenyooka kuliko changu. Ilikuwa siku za Diwali, sikukuu yao ya taa, duka limefurika, vipande vya halua vimepangwa mpaka dirishani, foleni imefika nje. Nikafika kaunta.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo."

"Habari za nyumbani Tanga?"

"Njema."

"Za masomo?"

"Njema tu, mama."

"Na za hapo unapolala? Usingizi unaupata?"

Mwanangu, sikuwa nimeulizwa swali la nne tangu nishuke kwenye ndege. Nilifungua mdomo nikasema, "Njema, ila..." na hiyo ila haikumaliza njia. Kikohozi kikanishika, machozi yakanishika, vyote kwa pamoja, na mfuko wa unga nimeukumbatia kama mtoto. Bi Kusum akamwachia mumewe kaunta, akanipeleka nyuma ya duka, akanikalisha juu ya gunia la mchele. Nilimweleza yote. Nilidhani atanipa pole. Wapi! Alinigeukia kwa ukali.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Mwalimu wako?"

"Hajaniuliza."

"Hajakuuliza kabisa?"

"Ameuliza, mama, lakini mara moja tu."

Akanitazama, akacheka, halafu kicheko kikakatika. "Wewe mtoto, una wazimu? Unangoja nani akubembeleze? Hapa utaulizwa mara moja tu! Ukisema mzima, wanakuheshimu, wanakuamini kuwa u mzima. Watakuamini mpaka wakuzike." Akanishika kidevu. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Hiyo mliitunga nyinyi Waswahili wenyewe, au mimi Mhindi ndiye nikufundishe?"

Maneno yale yaliniingia. Nimesomeshwa na watu wengi, lakini karipio lile juu ya gunia la mchele sijapata la kulilinganisha nalo.

Asubuhi yake akaja na gari mpaka mlangoni. Kwanza aliingia chumbani, akavuta pumzi puani, akauona ukuta. "Umekiziba chumba pua," akasema, "halafu unashangaa kifua chako kinakosa pumzi." Akang'oa utepe, akachomoa kitambaa kwenye lile tundu. Kisha tukaenda kwa GP, daktari wa mtaa, ambaye tangu nifike sikuwa nimejiandikisha kwake, kwa sababu nilijiambia daktari huendewa na mgonjwa na mimi si mgonjwa. Daktari akaniwekea mashine kifuani, akasikiliza mbele na nyuma. Akasema nimonia imeanza upande mmoja, na kwamba ningeendelea kungoja kidogo tu, tungekuwa tunazungumzia habari nyingine. Alhamdulillahi. Nilipewa dawa, na jioni nikapelekwa nyumbani kwa Bi Kusum, taa za Diwali zimewashwa mpaka kwenye ngazi. Chakula chao cha mboga tupu, mtoto wa Kiislamu nikala bila wasiwasi. Niliposema nimeshiba alinipigia kelele, akanijazia sahani. Jamani, raha niliyoisikia! Nikaanza kumshukuru. Akaniambia ninywe chai, inapoa.

Lakini hakuniacha nilale juu ya wema wake. Jumapili akanibana. "Kesho unakwenda kwa mwalimu wako. Akikuuliza hujambo, useme. Hapohapo. Mimi ni wa Kenton, siwezi kukufuata chuoni."

Jumatatu Profesa akafungua mlango, akauliza kama kawaida. Huku nahisi ninamkosea adabu mtu mzima, nikasema, "Si mzima, Profesa. Nina nimonia. Chumba changu kina ukungu na kuvu, kazi imenishinda, na nilikuwa nakusudia kurudi kwetu bila kukuaga."

Mwanangu, yule mzee aliweka kalamu chini taratibu, akavua miwani. Nikaona macho yake yamejaa maji. Akasema, "Nimekuwa nikikusikia ukikohoa kwenye ngazi wiki zote hizi. Usiku namwambia mke wangu. Lakini kila nikikuuliza unasema uko vizuri sana. Niliogopa nikikuuliza tena utaona nakuvunjia heshima."

Unasikia? Mimi nilikuwa nakufa nikilinda adabu yangu, naye alikuwa ananitazama nikifa akilinda yake. Watu wawili wema, meza moja, na katikati hakuna wa kusema.

Mambo yakaenda mbio baada ya hapo. Kabla sijatoka ofisini ameshapiga simu ofisi ya wanafunzi wa kigeni, nikahamishiwa bweni lenye dirisha la jua, nikaongezewa muda wa kazi zangu. Mkewe akaniletea koti zito la sufu. Nikamweleza Profesa kuhusu kwetu, kuhusu ngojangoja yangu. Akafikiri, akauliza kwa uso wa mtu anayefanya utafiti, "Basi nikuulize mara ngapi?" Nikacheka kwa mara ya kwanza tangu saa zirudishwe nyuma, nikamwambia tatu zinatosha. Na kuanzia Jumatatu hiyo mpaka namaliza, mzee yule aliniuliza mara tatu: wewe hujambo, na nyumbani Tanga hawajambo, na kifua je? Wenzangu waliopita mlangoni walidhani Profesa ameanza kusahau. Nilimaliza mwaka wangu, nikafaulu, nikarudi Tanga kama nilivyoahidi, huku nikaja kuhamia baadaye sana, na baada yangu walikuja walimu wenzangu, mmoja baada ya mwingine. Bi Kusum na Profesa wote wametangulia sasa. Sipitishi vuli bila kuwaombea, yule kwa imani yake na huyu kwa yake, Mungu anajua pa kuzipeleka dua zangu.

Sasa nasaha yangu ni hii, nawe ishike. Usingoje kuumwa ndipo umtafute daktari, jiandikishe wiki hii ukiwa mzima. Dirisha lifungue kidogo kila asubuhi hata kama baridi inauma, na nguo zako zisikaukie pale unapolala. Jua likionekana, acha kitabu, toka, kitabu hakitahama. Wakikuambia kuna matembezi msituni, au kuna fataki za Novemba uwanjani, sema ndiyo hapohapo, usijifanye mzito, hakuna atakayerudi kukubembeleza. Koti katafute zuri la mtumba kwenye maduka ya hisani, yanayouza nguo zilizotolewa sadaka, usione haya. Ukiletewa viazi na una njaa, chukua viazi! Na ukiulizwa hali, huku si kwamba hawajali, ni kwamba wanakuachia neno lako liwe neno. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Mama yako yuko mbali, hawezi kukisikia kikohozi chako. Aliye karibu ndiye wa kumwambia, na umwambie anapouliza, kwa sauti, bila kuzungusha. Adabu yetu usiitupe, utaihitaji ukirudi. Ila ukiwa mwenyeji wewe, muulize mgeni mara ya pili na ya tatu, hata akukasirikie, maana hujui ni nani anaitafuta nafasi ya kusema ila.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe vuli yenye jua na kifua chepesi. Akupe watu wa kukuuliza, na akupe ulimi wa kuwajibu. Amina.