Mama Ngaire Hashikwi Mkono

Usiku ule sikulala, na mwenye kosa alikuwa jiwe. Lipo jiwe kubwa katikati ya mto, mbele ya nyumba ya Mama Ngaire, mama mkwe wangu, ambayo ndiyo nyumba ya mwisho kabla ya njia ya kupanda mlimani. Jiwe likizama, hakuna anayevuka. Likitoa kichwa, watoto wanapanda. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili, na huku kwetu, magharibi ya milima ya New Zealand, mvua hainyeshi, inamwagwa. Mama Ngaire alikuwa ameahidi kupiga simu jiwe likionekana tu, hata kama ni saa tisa ya usiku.

Nililala na simu kifuani. Kila nilipokaribia kusinzia niliinuka kwenda kuhesabu tena mabegi, makoti ya mvua, soksi za akiba na dawa ya visubi.

"Sema ukweli," mume wangu Rewi aliniambia gizani. "Unaomba jiwe litoke au lizame?"

"Naomba lililo la heri."

"Yaani lizame."

Saa kumi na moja na nusu simu ikalia. "Limetoa kichwa na shingo," alisema Mama Ngaire, "na likipewa nusu saa litanisalimia. Waamsheni." Akakata.

Niseme kwa nini nilitaka lizame. Mama Ngaire ana miaka sabini na mitatu, na majira ya baridi yaliyopita alibadilishwa nyonga, akawekewa ya chuma. Daktari alimruhusu kutembea, mradi atumie akili. Mimi akili yake naifahamu. Basi Jumapili moja, tukiwa mezani, nilitamka mbele ya wote: mwaka huu aongoze safari ya watoto kama kawaida, lakini akishikwa mkono na mtu hata mara moja, iwe kwenda au kurudi, mwakani atabaki chini.

Mama Ngaire alitafuna kiazi chake, akameza.

"Nakubali," alisema. "Na mwamuzi uwe wewe, Glenys. Hakuna mtu bondeni anayekodoa macho kama wewe."

Ili ujue nilikuwa nataka kumnyang'anya nini, sharti nikusimulie habari ya basi. Mama Ngaire aliendesha basi la shule la bonde hili tangu ujana wake hadi alipostaafu. Miaka thelathini na moja iliyopita, basi lilimharibikia pale pale njia ya mlimani inapoanza, akiwa na watoto kumi na mmoja, Rewi akiwa mmoja wao. Kumngoja fundi ilikuwa saa nne nzima. Watoto walikuwa wameanza kupigana na maganda ya machungwa. Akachukua karatasi, akaandika, "Tumepanda. Tutarudi kwa chai," akaibana kwenye wipa ya kioo, akawapeleka wote hadi kibanda cha wapanda milima kule juu. Fundi alikuta basi tupu. Wazazi walikuja na tochi na kamba, na baba mmoja alikuja na machela. Wakakutana na kundi linashuka likiimba, limechafuka mpaka kwenye kope. Wazazi waligomba wiki nzima. Watoto waliuliza swali moja tu: tunaenda tena lini?

Tangu hapo kila kiangazi anapandisha watoto. Kwa watoto wake na wajukuu wake kuna na sharti: ukitimiza miaka mitano unabeba begi lako mwenyewe, unafika kwa miguu yako mwenyewe, na unaandika jina lako mwenyewe katika kitabu cha wageni kibandani, Mama Ngaire akishuhudia. Mwaka huu ilikuwa zamu ya Mereana, kitinda mimba wangu. Yeye usiku ule alilala na begi mgongoni.

Tukavuka mto penye kina kifupi, maji yakiwa bado ya baridi ya kung'oa kucha. Mama Ngaire alitangulia na fimbo zake mbili. Mimi nilimfuata nyuma, mikono nimeitanua kama mtu anayefukuza kuku.

"Glenys," alisema bila kugeuka, "ukiendelea kunipumulia kisogoni nitapata mafua."

Tukaingia msituni, kwenye miti yenye ndevu za kuvumwani na ndege waliokuwa wakipiga kelele kama sokoni. Mama Ngaire ana jibu moja kwa anayeuliza kumebaki umbali gani: "Kona moja tu."

"Bibi," alisema Tahu, mwanangu wa miaka tisa, "hiyo kona moja unaisema tangu nina miaka mitano."

"Na hukufika?"

"Nilifika."

"Basi nilikudanganya wapi?"

Kisha likaja daraja la waya. Nimelivuka mara nne maishani mwangu na mara zote nimelichukia. Linaning'inia juu ya korongo, linayumba kwa kila hatua, na chini yake unayaona maji meupe yakikimbia. Rewi alivuka na Mereana, Tahu akavuka akirukaruka makusudi, Mama Ngaire akavuka kama anakwenda dukani. Mimi nilifika katikati, miguu ikagoma kwenda mbele na ikagoma kurudi.

"Mama ameganda!" Tahu alipiga kelele kwa furaha kubwa.

Niliona fimbo mbili zinawekwa chini kule ng'ambo. Mama Ngaire akarudi darajani, akaja hadi nilipo, akanishika mkono.

"Usitazame maji. Tazama kisogo changu. Kina nini?"

"Mvi."

"Zihesabu."

Nilihesabu mvi arobaini na moja, nikakuta nimekanyaga ardhi. Mama Ngaire aliokota fimbo zake, akaendelea.

Mlima wa mwisho ulimshinda Mereana. Alikaa njiani akatangaza kwamba miguu yake imeisha. Mikono ilikuwa inaniwasha nimbebe, lakini Mama Ngaire alinitupia jicho moja nikairudisha mfukoni. Akajiinamisha taratibu, kwa mikono yake miwili juu ya fimbo, akamvua mtoto kiatu kimoja na kuchungulia ndani.

"Imeisha kweli? Hebu tuone kama kuna iliyobaki." Akakitikisa kiatu sikioni. "Aa, wewe! Imejaa mpaka hapa! Nani kakwambia imeisha?"

Mereana alichungulia naye. Alicheka mpaka akapata kwikwi, na kwikwi hizo ndizo zilizompandisha. Kabla ya saa tano tulikuwa kibandani, sote kwa miguu yetu. Nami nilikuwa nimemkodolea macho mama mkwe wangu njia nzima, na sikuona mkono wowote ukimshika.

Tulivua viatu tukavitundika kwenye misumari ya juu kabisa, kwa ajili ya kea. Hao ni kasuku wa milimani, wakubwa kama kuku, kijani juu na rangi ya chungwa chini ya mabawa, na hakuna mwizi anayewazidi. Mwaka juzi walimla Rewi kamba za viatu na nusu ya soli. Rewi akawasha jiko la kuni apike chai. Mereana akakaa mezani mbele ya kitabu, kalamu mkononi kama mkuki.

"Mtu asiandike kitu mpaka nirudi," alisema Mama Ngaire. "Naenda chooni."

Tukangoja. Chai ikachemka, keki ya ndizi ikakatwa. Mereana hakuigusa, macho yalikuwa mlangoni. Dakika kumi zikapita. Kumi na tano.

"Bibi yuko wapi?" aliuliza.

Nilikuwa nimeshasimama. Kila nilichokiogopa usiku kucha kilinirudia kwa pamoja: nyonga imechomoka, moyo umesimama, amelala sakafuni. Nilikimbia na soksi kwenye matope.

Choo cha kibandani kiko nje, peke yake, na komeo lake liko upande wa nje ili upepo usiugonge mlango. Pembeni kuna kijiti kilichofungwa kwa kamba. Kabla hujaingia unakichomeka kwenye komeo, lisiteleze. Kea wamejua siku nyingi kulisukuma komeo hilo na kumfungia mtu ndani. Kwa miaka thelathini Mama Ngaire amewapigia watu kelele, "Kijiti! Chomekeni kijiti!" na kuwacheka wote waliosahau.

Kijiti kilikuwa kinaning'inia. Komeo limefungwa. Juu ya bati alisimama kea mmoja, kichwa ameinamisha, ananitazama kama mwenye nyumba.

"Mama?"

Nikagonga mlango.

"Mama Ngaire, umo?"

"Simo."

"Nyonga je?"

"Nzima. Tunapumzika, mimi nayo."

"Dakika ishirini chooni?"

"Kina hewa nzuri."

Nilishika komeo. Likalia.

"Usiguse!" aliruka mle ndani. "Ukinifungulia utasema umenishika mkono. Nakujua wewe. Mwakani utaniweka chini nilinde jiwe."

"Sasa utatokaje?"

"Kea kafunga, kea atafungua. Sina haraka."

Kea alitembea hatua tatu juu ya bati, akaanza kutafuna mpira wa bomba la hewa. Hakuonyesha dalili ya kujuta.

"Bibi!" Sauti ya Mereana ilitoka kibandani. "Njoo! Mkono umechoka kushika kalamu!"

Mle ndani nilimsikia akivuta pumzi, na nikajua kwamba anataka kutoka kuliko kitu chochote, na kwamba hatatoka. Mwamuzi alikuwa mimi.

"Mama," nilisema, "leo asubuhi darajani, nani alishikwa mkono?"

"Jina limenitoka. Mama mmoja hivi, alikuwa anatoka jasho sana."

"Basi daraja kwa mlango. Sare."

"Na mwakani?"

Nilimtazama kea. Kea akanitazama.

"Mwakani nipigie simu jiwe likitoa kichwa."

"Hata saa tisa ya usiku?"

"Hata saa nane. Silali hata hivyo."

Akacheka, choo kizima kikatikisika, kea akaruka juu na kutua tena.

"Haya, vuta. Taratibu lakini, maskini ndege asione ameshindwa."

Nilivuta. Komeo likakwama, likalia, likaachia, na mlango ukafunguka. Nilimnyooshea mkono. Mama Ngaire aliupita kama haupo, akachukua fimbo zake ukutani, akashika njia ya kibandani huku akipaza sauti:

"Nani ana kalamu?"