Mwalimu Rudia: Ndege hairuki mpaka mkaguzi aridhike

Jua ndiyo kwanza linachungulia, na Mwalimu Rudia keshasimama kando ya ndege ndogo ya viti viwili, mikono nyuma, mdomo kaufunga. Mvua imenyesha usiku kucha na lami ya uwanja bado inateleza.

Mbele yake mwanafunzi wake, mshonaji wa sare za shule, anapapasa ukingo wa bawa. Akikagua vizuri, leo ataruka peke yake kwa mara ya kwanza. Akikosea, mwalimu hampi ufunguo na habari inaishia hapo. Mama mzazi wa mwanafunzi huyo na watoto wake wawili wamekuja kushuhudia, wamependeza utadhani wanakwenda harusini.

Jina la Rudia wamempa wanafunzi, na wala halimkeri. Kwake, anayekagua ndege hasemeshwi. Akijibu hata salamu, anarudia ukaguzi wote, kuanzia mlangoni.

“Ukikatizwa, mkono unafika kwenye tairi, akili imebaki kwenye salamu,” anasema. “Utaapa umekagua, kumbe wapi! Nimeyaona hayo kwa marubani wenye mbwembwe zao.”

Alianza kwa kuosha ndege hizi hizi. Akaomba kufundishwa, wakamcheka, akang’ang’ania. Sasa ana miaka kumi na mitano ya kufundisha, na analipwa kwa saa za angani tu. Mwezi uliopita mvua ilimweka nyumbani siku tisa, na hakuna aliyemuuliza anakula nini.

Mshonaji anainama chini ya bawa la kushoto, anakinga kwenye kikombe cha plastiki mafuta kidogo kutoka tangi lililomo ndani ya bawa. Kazi yake hapo ni kutafuta maji. Yakiingia kwenye tangi, injini inaweza kuzimika angani. Maji na mafuta hayachanganyiki, maji hukaa chini, hivyo mwanafunzi hutafuta mstari unaoyatenga. Anainua kikombe. Mstari haupo.

“Safi,” anajisemea, anamwaga.

Mwalimu ameona.

“Mwanangu, umekunywa chai lakini?” mama anapaza sauti kutoka kwenye benchi.

“Nimekunywa, mama!” Mshonaji anajibu, kisha anajishika kichwa. “Jamani, mama! Umeniponza.”

Anarudi mlangoni, anaanza upya huku ananung’unika. Mama anahamaki: “Sasa chai nayo ina kosa gani?” Watoto wanamziba mdomo bibi yao.

Chini ya bawa, anakinga tena. Safari hii anakishika kikombe mbele ya rangi nyeupe ya bawa, anakitazama, anakunja uso. Mafuta ya ndege hii ni ya bluu. Haya hayana rangi kabisa. Ananusa. Hayanuki.

“Mwalimu, mstari hauonekani kwa sababu mafuta hayamo! Kikombe kizima ni maji!”

“Enhe,” anajibu mwalimu. “Kwa hiyo?”

Mshonaji anakinga na kumwaga, anakinga na kumwaga, maji bado yanakuja. Anapanda ngazi kuangalia kifuniko cha tangi. Mpira wake umepasuka kwa jua, na mvua yote ya usiku imepata njia. Anashuka taratibu. Anawatazama wanawe, viatu vyao vinang’aa. Machozi yanamlenga.

“Siruki,” anasema. “Mpaka fundi abadilishe mpira na tangi likaushwe. Leo siruki.”

Mama anaduwaa. “Yaani tumejipamba hivi bure?”

“Si bure, mama,” mwalimu anamwambia, na hapo ndipo anapocheka kwa mara ya kwanza asubuhi hii. “Binti yako amefaulu. Kurusha ndege nimeshamfundisha. Kukataa kuruka, nyinyi mmekaa pale mnamtazama, hilo siwezi kumfundisha mtu. Fundi akimaliza, ndege ni yake, aruke peke yake.”

Saa ya angani ya leo imepotea, na malipo yake pia. Mwalimu hajutii hata chembe. Je, angemwacha aruke na yale maji? “Thubutu! Ufunguo huu hapa mfukoni,” anasema, anaugonga kwa kiganja.

Anapoulizwa ana ndoto gani, hasiti. Anataka siku moja akate tiketi kama abiria mwingine yeyote, na mshonaji huyu awe rubani.

“Nitakaa kiti cha nyuma kabisa, nifunge mkanda,” anasema, “halafu nilale fofofo mpaka tutue.”