Ubatizo wa Fundi Bomba

Wauguzi wa hospisi, makao ya wagonjwa wasiotarajiwa kupona, walimwita Baba Kigoda. Mchungaji huyu hakuketi kando ya mgonjwa kwenye kiti cha kawaida. Alibeba kigoda chake mwenyewe na kukaa chini kidogo ya usawa wa kitanda, ili mgonjwa asihangaike kuinua shingo kumtazama. Hakuzaliwa na busara hiyo. Wiki yake ya kwanza pale, akiwa bado na sauti ya mwalimu wa hesabu aliyoitumia darasani miaka kumi na miwili, alimhubiria bibi mmoja dakika ishirini nzima akiwa amesimama wima. Bibi alisubiri mpaka amina, kisha akasema, "Umemaliza, mwanangu? Haya, nisogezee hicho kikombe. Koo limenikauka tangu ulipoanza."

Tangu siku hiyo alijifunza kunyamaza. Lakini Jumapili, katika kanisa lake la Kibaptisti, hakunyamaza kuhusu ubatizo. Mtu aamini kwanza, kisha azamishwe mwili mzima kwenye maji mengi. "Kunyunyiziwa ni kunawa uso tu," alipenda kutania, na washirika wakacheka. Mke wake hakucheka.

Alikuwa na sababu. Miaka kumi na mmoja iliyopita mama yake, akiwa hoi katika chumba chao cha wageni, alimwomba mkwewe ambatize. "Subiri upate nguvu kidogo, mama," mchungaji alimjibu kwa upole. "Tutakuzamisha kwenye kisima cha ubatizo kanisani, kama wenzako." Mama mkwe alisubiri. Alifariki siku nne kabla ya ibada ya ubatizo. Mke alilia msibani kama wanavyolia watu wote, lakini kuhusu lile ombi hakufungua kinywa, si siku ile wala baadaye.

Sasa hospisi ilimpokea fundi bomba mmoja mzee, mapafu yamechoka, mrija wa oksijeni puani. Asubuhi moja alimshika mchungaji mkono.

"Baba Kigoda, nataka kubatizwa."

"Unaamini, mzee wangu?"

"Ningekuwa siamini ningekuita wewe? Si ningemwita kinyozi?" Alipumzika apate pumzi. "Kile kisima cha kanisani kwenu nilikijenga mimi. Hakivuji hata tone. Kila mara nilikuwa nasema, mwakani nitaingia. Sasa sifiki."

Daktari alisema wazi: kumzamisha, hata kwa sekunde moja, ni kumuua. Muuguzi mkuu akaongeza kwamba zimebaki siku mbili, tatu zikizidi.

Mchungaji alimwendea shemasi mkuu, dereva mstaafu asiyependa kona kona. "Mchungaji," shemasi alisema, "wewe ndiye uliyetufundisha maji mengi. Leo unataka kugeuza gari katikati ya daraja? Mwizi pale msalabani hakubatizwa, na peponi akaingia. Mwambie fundi hivyo, atulie."

Maneno hayo yalikuwa kweli tupu, na mchungaji angeweza kuyashika akalala salama. Alirudi hospisi, akaketi kwenye benchi la ukumbini karibu na kabati la mashuka, na huko ndiko alikojikamata. Hakuwa na hofu juu ya roho ya fundi. Alichoogopa ni hiki: kama maji machache yanatosha leo, basi yalitosha hata siku ile, katika chumba cha wageni. Akimkubalia fundi, atakuwa amekiri kwamba mama mkwe hakunyimwa ubatizo na kanisa wala na ugonjwa. Alinyimwa na mkwewe.

Alikaa pale karibu saa nzima. Kisha akainuka, akaomba beseni la maji ya uvuguvugu na jagi.

"Mbona umechelewa?" fundi aliuliza. "Kuna bomba limeziba?"

"Liliziba kwangu, mzee."

Muuguzi alitandika plastiki juu ya godoro, akinung'unika kwamba plastiki haitafaa kitu. Mchungaji alimuuliza fundi imani yake, akajibiwa kwa sauti nyembamba isiyotetereka. Akammiminia jagi la kwanza kichwani taratibu, mkono wake mwingine ukikinga pua na mrija. La pili mabegani. La tatu kifuani.

"Maji haya yamepoa," fundi alilalamika. "Nani alichemsha?" Kisha akaanza kulia na kucheka kwa pamoja, mpaka muuguzi akasahau habari ya godoro.

Mchungaji alifika nyumbani mchana, mikono ya shati imelowa hadi viwikoni. Mke wake alikuwa kwenye cherehani.

"Umenyeshewa wapi, na jua hili?"

"Nimembatiza mtu kitandani. Kwa jagi."

Cherehani ilisimama. "Kwa jagi," mke alirudia.

"Mama naye ningeweza kumbatiza kwa jagi. Nilikosea, mama watoto. Kosa ni langu peke yangu."

Mke hakulia. Alikunja kitambaa kilichokuwa mbele yake, akakikunjua tena. "Miaka kumi na mmoja. Nilidhani utakufa nalo."

"Nisamehe."

"Hilo tutaliongea. Kwanza, Jumapili utalisema madhabahuni."

"Nitalisema."

"Na usiniletee 'mgonjwa mmoja' wala 'mama fulani'. Utamtaja kwa jina lake."

"Nitamtaja."

Mke alimtazama kitambo, kama anayepima kitambaa kabla ya kutia mkasi. "Basi keti hapa uniambie alichosema huyo mzee," akasema, "maneno yote, usiruke hata moja."