Picha Ina Giza

Mara ya kwanza baba yangu aliposema picha ina giza, nilimwamini. Ilikuwa picha ya treni ya asubuhi, ile inayoleta watu mjini kutoka upande wa Embakasi. Nilikuwa nimeipiga nikiwa kwenye tuta la reli, nyuma ya nyumba zetu za Kaloleni, jua likichomoza mgongoni mwa treni. Ukipiga ukiwa umelielekea jua hivyo, mbingu inajaa mwanga na uso wa injini unabaki mweusi. Nikaongeza mwanga kidogo kwenye tableti, nikamwonyesha tena, akaitikia kwa kichwa kuonyesha sasa ni afadhali.

Mambo ya mwanga nayajua, ndiyo yanayonilisha. Nafanya kazi kwenye studio ndogo huko Buruburu, nawapiga watu picha za pasipoti mbele ya kitambaa cheupe. Kamera ikiona weupe mwingi inafumba jicho, na uso wa mteja unatoka kama umepakwa masizi. Asiyejua hilo atapewa picha yake arudi nayo kesho akilalamika kwamba huyo si yeye. Kwa hiyo mimi naupima mwanga usoni, kitambaa nakiacha kijipange chenyewe. Treni na jua la asubuhi ni shida hiyo hiyo, ila treni haikai kwenye kiti ikakungoja.

Picha zenyewe nilikuwa nikiziweka kwenye kundi moja la mtandaoni la wapenzi wa reli. Mimi napiga, Baba anasema cha kuandika chini yake, kwa sababu alikuwa gadi wa treni karibu maisha yake yote ya kazi. Gadi ndiye mtu wa behewa la mwisho, mwenye bendera na filimbi, na dereva haondoki mpaka gadi amwonyeshe kwamba njia ni nyeupe. Baba alijua kila injini tabia yake. "Andika hivi, Mama," angeniambia, maana nimepewa jina la mama yake na hajawahi kuniita vingine. "Hii ilikuwa inachoka kule kwa mlima wa Timboroa." Watu walizipenda habari zake kuliko picha zangu, nami sikuona wivu. Mama alikuwa ameshatutoka, na ile saa ya kukaa mezani na tableti ndiyo ilikuwa saa ya Baba kucheka.

Kisha kila picha ikawa na giza.

"Hii iko na giza, Mama. Ongeza."

Niliongeza. Kesho yake akasema hivyo hivyo, na siku iliyofuata vilevile. Nikaanza kupiga nikiwa nimefungua kamera kupita kiasi, mpaka mbingu ya Nairobi ikawa nyeupe kama shuka na nyaya za stima zikapotea. Kwenye kundi kulikuwa na mzee mmoja wa Voi, fundi wa picha za harusi, mtu mwenye ulimi na macho makali. Siku moja akaandika chini ya picha yangu: "Dada, mbingu umeiunguza. Moshi uko wapi? Mawingu yako wapi? Unatupikia picha mpaka inaungua?" Wengine wakacheka. Nilikasirika, kwa sababu alisema kweli, na mimi kuambiwa kweli na mtu nisiyemjua hunipandisha mori.

Nikamjibu kwamba nyumbani wanaiona ina giza. Akauliza nani anaiona hivyo. Nikamwambia ni baba yangu.

Hakuleta mzaha tena. Aliandika tu: "Basi iache picha, mpeleke mzee akaonwe macho."

Nilimsomea Baba maneno hayo nikidhani atacheka, na kweli alicheka. Akasema wa Voi wamezoea jua la kwao, wakiona kivuli wanadhani ni mvua. Lakini alicheka kwa kuchelewa kidogo, na mkono wake ukawa unatafuta kikombe cha chai kilichokuwa mbele yake.

Kuanzia hapo nikawa namwangalia, na nilichokiona hakikunipendeza. Alikuwa akigonga nyonga kwenye kona ya meza, meza ambayo haijawahi kusogezwa tangu nikiwa shule ya msingi. Alikuwa akiwasha taa mchana. Jirani akipita pembeni yake kwenye njia ya kwenda kuteka maji hamsalimii, mpaka jirani aseme kwanza, naye akitajwa jina anageuza kichwa chote, kama anayemchungulia mtu kupitia tundu la ufunguo. Cha ajabu ni kwamba kitu kilichokuwa mbele yake sawasawa alikiona. Namba ya injini kwenye picha aliisoma bila kukosea. Kilichokuwa kando ya namba ndicho alichokuwa hakioni, na chochote kilichokuwa kivulini.

Nilimwambia twende kliniki ya macho. Akakataa.

"Macho yangu yamepimwa na reli," alisema. "Kila wakati. Nyekundu, kijani, mbali, karibu. Sijawahi kuanguka."

"Hiyo ni zamani, Baba."

"Nimesema sijawahi kuanguka."

Nilijua anachoogopa. Alipokuwa kazini, gadi aliyeshindwa na kipimo cha macho alishushwa kwenye treni siku ile ile. Rafiki yake mmoja alishushwa hivyo, akapelekwa stoo kuhesabu magunia, na Baba alituambia mara nyingi jinsi mtu yule alivyokuwa akitoka nje ya stoo kila treni ikipita, asimame tu. Hakuchukua muda mrefu akafa. Baba alikuwa amestaafu, hakuna wa kumshusha popote, lakini hofu haijui barua ya kustaafu. Waliosema mficha maradhi kifo humuumbua walikuwa na watu kama baba yangu nyumbani kwao.

Na kilichoninyima usingizi hakikuwa kikombe wala meza. Kila asubuhi Baba alikuwa akivuka reli. Upande wa pili, karibu na viwanda, kuna kibanda cha mama mmoja wa chai ambapo wastaafu wa reli hukaa wakigombana kuhusu siasa. Mahali hapo reli ni mbili sambamba, na kuna njia ya miguu inayozikata, njia ya watu wote wanaokwenda kazini kwa miguu. Yeye alikuwa na desturi yake. Anavuka ya kwanza, anasimama kwenye nafasi iliyo katikati, anaingoja treni ya asubuhi ipite kwenye ile ya pili. Madereva wengine walikuwa vijana wanafunzi alipokuwa gadi, na wakimwona wanapiga honi mbili fupi. Naye anainua mkono mmoja juu, wima, anaushikilia hapo. Kwa lugha ya reli, mkono mmoja ulioinuliwa hivyo maana yake njia ni nyeupe, pita.

Nikaanza kumfuata. Nilijifanya nakwenda kupiga picha, na kweli nilikuwa nazipiga, lakini jicho langu moja lilikuwa kwenye koti lake. Lilikuwa koti la kazi la zamani, rangi ya buluu iliyokwisha, na mfuko wa kifuani nilikuwa nimeushona mwenyewe kwa kifungo chekundu baada ya kukosa cha buluu. Asubuhi baada ya asubuhi alivuka salama, nami nikarudi nyumbani nimechoka kana kwamba nimebeba gunia.

Siku yenyewe kulikuwa na vumbi na jua kali la mapema. Nilisimama kwenye tuta mbele kidogo ya njia ya miguu, nimeelekea mashariki, nimeshapima mwanga kwa ajili ya mbingu maana nilichoka kuchekwa na mtu wa Voi. Baba akapanda kwenye mawe ya reli. Jua lilikuwa kushotoni kwake, linampiga jicho. Akavuka hatua zake za siku zote, akasimama.

Alikuwa hajafika katikati. Alikuwa amesimama ndani ya reli ya kwanza, na treni siku hiyo ilikuja kwa reli ya kwanza.

Honi haikuwa mbili fupi. Ilikuwa moja ndefu, isiyokatika. Nilimwona Baba akigeuza kichwa upande huu na upande ule, taratibu, kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha. Kisha akainua mkono wake mmoja juu, wima, akaushikilia.

Kidole changu kilikuwa tayari kwenye kamera, kikabonyeza. Sikukituma. Nilikuwa nimeshaanza kukimbia, na nakumbuka nilikuwa nikiita "Baba".

Treni za hapo hazina mwendo mkubwa, stesheni iko karibu, na dereva alikuwa ameshaanza kufunga breki. Ilisimama kwa kelele ya chuma, mbele yake kidogo tu. Ukimya ulipokuja, vijana waliokuwa wakining'inia mlangoni wakaanza kuchungulia. "Huyu buda anataka tuchelewe job," mmoja akasema. Mwingine akamwambia, "Wacha, huyo ni mzee wa mtu."

Dereva alishuka. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi kidogo. Akamshika Baba mkono kwa mikono yake miwili. "Habari ya asubuhi, mzee wangu," akamwambia, "twende hivi kidogo." Akamvusha mpaka kwenye majani, mimi nikawa nimefika. Baba akatabasamu. Dereva akanivuta kando.

"Dada, huyu mzee haoni," akasema kwa sauti ya chini. "Mimi namjua, ndiyo nilianza kupunguza mapema nilipoona koti. Kesho zamu si yangu."

 Akapanda, treni ikaondoka, na watu wakaendelea kuvuka kwenda kazini kana kwamba hakuna kitu.

Njiani kurudi Baba alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu msiba wa Mama. "Umeona? Ameshuka kunisalimia," alisema. "Dereva mzima, na abiria wake. Hiyo ni heshima, Mama." Akanieleza kwamba kulikuwa na mjinga fulani amesimama relini, dereva akawa anampigia honi, na yeye akatazama huku na huku asione mtu, ndipo akamwonyesha dereva kwamba njia ni nyeupe. Nilimshika kiwiko, tukaendelea kutembea. Nilikuwa na hasira naye, na nilikuwa namwonea huruma, na sikujua kipi nianze nacho.

Tulipofika aliketi mezani. Akauliza swali lake la kila siku.

"Leta nione leo imetoka aje."

Ningeweza kusema kamera imeharibika. Nilisimama na tableti mkononi nikalifikiria hilo. Kisha nikafikiria zamu ya kesho, dereva asiyelijua koti lile. Nikaiweka picha mbele yake.

Kwa sheria za mtu wa Voi ilikuwa picha yangu bora kuliko zote. Mbingu ilikuwa na rangi yake, vumbi limesimama kwenye miale, ukingo wa injini unang'aa kama sufuria mpya. Chini, penye kivuli, kulikuwa na umbo jeusi la mtu.

Baba aliinama karibu. Akaisoma namba ya injini. Akazungusha kichwa kidogo kidogo, kipande baada ya kipande, ndivyo alivyokuwa akiangalia kila kitu siku hizo.

"Iko na giza," akasema. Kisha akacheka. "Lakini umemshika. Ona, huyu hapa kwa reli. Ndiye huyo mjinga. Nilimtafuta nikamkosa."

"Ndiye, Baba."

"Ongeza nimwone uso."

Niliongeza. Nilifanya pole pole, kidole kikinata kwenye kioo. Mawingu yalianza kufifia, na kivuli kikaanza kufunguka. Kwanza yalionekana mawe ya reli, kisha viatu, kisha koti. Baba hakuwa akicheka tena.

"Ameinua mkono," akasema.

Kidole changu kilisimama kwenye kioo.

"Ongeza tena."

Niliongeza mpaka mbingu ikaungua kabisa na treni ikawa kama ya maziwa. Kwenye kifua cha yule mtu, mahali pa mfuko, kikatokea kitone chekundu. Baba alipeleka kidole kwenye kile kitone, akakishika. Kisha mkono wake mwingine ukapanda kifuani kwake, ukakitafuta kifungo, ukakipata.

Alikaa hivyo muda mrefu, kidole kimoja kwenye picha na kingine kwenye koti. Nje mtu alikuwa akiuza sukuma wiki, anaita wateja.

"Mwanga umetosha, Mama," akasema. Katika picha zote nilizomwonyesha, hakuwahi kuniambia hivyo. "Sasa punguza."

Picha hiyo sikuiweka mtandaoni. Mtu wa Voi aliuliza ya leo iko wapi, nikamwacha bila jibu.

Asubuhi iliyofuata tulikuwa tumevaa nguo za kwenda kliniki, Baba akiwa na shati safi bila koti, tunakunywa chai kabla ya kutoka. Treni ilipita nyuma ya nyumba. Ikapiga honi mbili fupi. Nikafikiri, kumbe na huyu wa leo anamjua, anampigia hata asipomwona relini. Mkono wa Baba ukaanza kupanda kutoka mezani, ukafika usawa wa kidevu. Akautazama, maana ulikuwa mbele yake sawasawa na aliuona vizuri. Kisha akaushusha, akaukalia.