Nani Aliwalilia

Nikisikia harufu ya uji wa ulezi, namshukuru bibi yangu kimoyomoyo. Siku moja, nikiwa mtoto, nilitoka mbio kwenye kibanda cha video, nikamkuta uani anapepeta ulezi. Nikamsimulia filamu yote: magari yalivyoruka, daraja lilivyolipuka, askari walivyotumbukia mtoni. Hakuacha kupepeta.

“Hao waliotumbukia,” akauliza, “nani aliwalilia?”

Filamu haikuonyesha. Nikaudhika kidogo, nikasema hawakuwa watu muhimu.

“Basi mtafutie mmoja wao mama.”

Nikamtungia mama, nikamweka papa hapa kwetu Matai, karibu na kanisa. Amesonga ugali, anachungulia barabarani, anarudi kuufunika, anachungulia tena, mpaka ugali umepoa.

Ungo ukatulia mikononi mwa bibi.

“Huyo askari,” akasema, “sasa nimemwona akianguka.”