Kufuli Letu Kule Köln

Watu wa kwetu Nakuru huniuliza kama mwajiri wangu aliwahi kunitembeza popote. Ndiyo, alinitembeza Ujerumani, kwa simu, mimi na mume wangu na paka.

Nilikuwa nikifanya kazi ya nyumbani Al-Malqa, Riyadh. Mume wangu alikuwa dereva Jeddah. Nchi moja, na mwaka mmoja na miezi minne hatujaonana ana kwa ana. Tena kwenye karatasi zangu mimi nilikuwa sijaolewa, maana ajenti wa Nairobi alisema mke wa mtu hapati kazi haraka. Nikakubali, mjinga mimi. Kwa hiyo kwa madam, yule mwanamume wa Jeddah aliyenipigia kila Ijumaa alikuwa kaka yangu. Uongo huo ungejulikana, ningerudishwa kwa ajenti siku hiyo hiyo.

Basi madam na bosi wakapanga kwenda Köln wikendi, wao wawili tu, watembee, wapendane kidogo. Mimi na paka tungeachwa Jeddah kwa mama yake madam. Paka alisafiri na paspoti yake. Yangu ilikuwa imefungiwa kabatini kwa bosi. Niliposikia neno Jeddah, nilikwenda kufua mashuka niliyoyafua jana yake, nipate pa kuchekea.

Yule mama akaniruhusu kumwona kaka. Ijumaa, yeye akishalala baada ya chakula cha mchana, kaka aegeshe gari mbele ya geti, tukae humo mpaka adhana ya alasiri. Ni muda wa kama saa mbili hivi. Sharti lake lilikuwa moja: niende na paka, maana paka huyo hali mpaka asikie sauti ya madam, na madam angepiga wakati wowote.

Mume wangu alikuja na shati limenyooshwa mpaka kola imekakamaa. Mapajani alikuwa na bakuli la kuku wa kukaanga na chapati alizozisukuma mwenyewe.

"Mama watoto, umekonda," akasema.

"Na wewe umenenepa, nani anakulisha?"

Hapo hapo simu ikalia. Madam, kwa video.

"Weka simu paka anione! Na kaka yako yupo? Vizuri, na yeye aone."

Nikaisimamisha simu kwenye dashibodi, tukaonekana sote watatu. Nyuma ya madam kulikuwa na kanisa jeusi lenye minara miwili, refu ajabu. Alikuwa peke yake. Bosi alikuwa amekataa kutoka hotelini, ati viatu vipya vimemchubua.

"Amekuja Ujerumani kulala!" madam akafoka. "Yalla, twendeni sisi."

Tukaenda. Tukapanda ngazi za mnara, tukaona mawe, dari na tundu za pua za madam. Alihema, akapumzika, akatuuliza kama tumechoka. Mume wangu, mtu wa adabu, akajibu kwamba tumechoka kidogo. Mimi nilitamani kuitupa ile simu barabarani! Dakika zangu zilikuwa zikiisha kwenye ngazi za watu, na mume wangu amekaa hapo, na siwezi hata kumwegemea. Nikapitisha mkono chini ya tumbo la paka, aliyelala katikati yetu, nikaupata mkono wa mume wangu. Tukashikana hapo kwenye manyoya, tukitazama Köln kwa macho makavu.

Paka naye akaona bakuli. Akachomoa paja la kwanza.

"Anakula!" madam akapiga kelele juu ya mnara. "Msimnyang'anye!"

Halas, basi tena. Kuku wa mume wangu akaliwa hivyo, kipande kwa kipande, sisi tukipongeza.

Madam akashuka, akaenda kwenye daraja la mtoni ambalo wapendanao hufunga kufuli lenye majina yao, kisha hutupa ufunguo majini. Akatoa kufuli jekundu kwenye mkoba. Akalitazama. Sauti ikamshuka.

"Nililinunua la mimi na yeye. Sasa sitaki. Nitakufungia wewe, upate mume. Niambie, unataka mwanamume wa jina gani?"

Kabla sijabuni chochote, mume wangu akataja jina lake. Nilimfinya mpaka paka akaruka.

"Si hilo ndilo jina lako wewe?" madam akamuuliza.

"Ndiyo, madam," akasema bila kupepesa. "Kwetu dada hutafutiwa mume mwenye jina la kaka yake. Ni mila."

Aki ya nani, hakuna kabila lenye mila hiyo duniani. Madam akaweka mkono kifuani. "Mashallah. Mila nzuri sana."

Akaandika majina yetu kwa kalamu nene, akafunga, akarusha ufunguo. Halafu akaanza kulia, akasema anarudi hotelini kumtazama huyo mwenye viatu, akakata.

Adhana ikaanza kwenye msikiti wa mtaa ule. Nikasikia mfanyakazi wa yule mama akivuta komeo la geti.

"Umekula?" mume wangu akaniuliza.

Nikatazama bakuli. Paka alikuwa amebakisha mifupa na chapati moja. Tukaikata katikati, tukala upesi upesi, macho kwenye geti. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Riyadh, ya watoto, ya mkataba, ya jinsi ninavyolala nikiwaza kikohozi chake ninachokisikia kwenye simu. Yote yakanitoka kichwani.

"Chapati imekosa chumvi," nikamwambia.

Akacheka mpaka akafuta macho. Chumvi ilikuwepo ya kutosha. Geti likafunguka, nikampakata paka, nikashuka.