Funda la Saa Nane

Dobi yule alikuwa akipiga pasi kwa mdomo. Msicheke, ndivyo ilivyokuwa. Kando ya meza yake palikaa kopo la maji. Analiinua, anajaza funda mashavu yote mawili, anainama juu ya shati na kulipulizia manyunyu mepesi, kisha pasi ya mkaa inafuata na mvuke unapanda. Mkewe alikuwa amemnunulia chupa ya kupulizia, nzuri kabisa, ya kubonyeza kwa kidole. Dobi aliitundika msumarini akasema hiyo ni ya watu waliojifunza kazi juzi. Miaka ishirini na sita kinywa chake hakikuwahi kudondosha tone kubwa kwenye kola ya mtu.

Sasa Ramadhani ikiingia, kazi hiyo iligeuka kioja. Watu walipita makusudi kumwona mtu aliyefunga akijaza maji kinywani kutwa nzima na kuyatoa yote. Shemeji yake, mdogo wa mkewe, ambaye ndiye aliyekuwa akifua kule uani, alimwomba kila mwaka atumie chupa walau mwezi huo tu. Dobi hakutaka kusikia. Alisema yeye ana dua. Na kweli alikuwa nayo, ameitunga mwenyewe, na kabla ya kila funda aliitoa kwa sauti ya kufika mpaka kwa fundi cherehani wa jirani: "Ewe Mola, nimefunga kwa ajili yako. Nishikie koo, nishikie ulimi, nishikie nafsi." Fundi cherehani aliihifadhi. Wateja nao waliihifadhi. Mtu mzima anajisifu mbele ya Mungu na mbele ya wateja kwa wakati mmoja, na wala hajioni.

Huyo shemeji watu walimwita Bomba, na jina hilo lina habari yake. Mwaka uliotangulia, siku ya joto la kuua, Dobi alimkuta uani nyuma ya mashuka yaliyoanikwa, kainamia bomba anakunywa. Angeweza kurudi nyuma kimyakimya. Wapi! Alilivuta shuka lote mbele ya wateja watatu na fundi cherehani, akauliza kama bomba nalo limefunga. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Tangu siku ile baba wa watoto wawili akawa Bomba. Sokoni Bomba, msikitini Bomba. Hakuwahi kumjibu mtu. Alifua tu.

Siku yenyewe ilikuwa ya kumi na saba ya mfungo, saa nane mchana. Zilikuwa zimeletwa sare arobaini za walinzi, kitambaa kigumu kisichokubali kunyooka bila maji mengi. Mkaa umekolea, mabati ya paa yanawaka, ulimi wa Dobi umekauka kama gunzi. Akaisema dua harakaharaka, kama mtu anayepiga hodi huku keshaingia ndani. Akajaza funda. Akainama juu ya sare. Na maji yale yalikuwa baridi, jamani, na matamu, na dukani hapakuwa na mtu. Akameza.

Wala haikuwa bahati mbaya. Hilo hakuweza kujidanganya, kwa sababu baada ya funda lile alijaza jingine, bila dua yoyote, akalimeza nalo. Alipoinua uso, Bomba alikuwa amesimama mlangoni na beseni la sare zilizokauka.

Wakatazamana. Dobi alihisi uso unamchoma kuliko pasi. Alingoja kile alichostahili, kicheko, ukelele, watu waitwe waje waone. Bomba aliweka beseni chini, akaitoa ile chupa msumarini, akaijaza maji na kuiweka mezani karibu na mkono wa shemeji yake. Kisha akalichukua kopo.

"Mungu kakusitiri, shemeji," alisema polepole. "Nawe jisitiri. Mwezi ukiisha, utailipa siku hii."

Akaondoka na kopo lile, akarudi uani kufua.

Afadhali angemtukana. Dobi alipiga pasi kwa chupa mpaka alasiri ikapita, na kila alipobonyeza alilikumbuka lile shuka. Aibu ya Mungu alikuwa nayo, ndiyo, ila ya Mungu alijua njia yake, ni kutubu na kulipa. Aibu ya Bomba ndiyo iliyomshinda. Mtu ambaye yeye alimfanya kichekesho mwaka mzima alikuwa amemfunika bila kuombwa, na hata hakuonekana kufurahi.

Magharibi majirani walikaa mkekani mbele ya duka kama kila siku, tende na maji mbele yao, wakingoja adhana. Fundi cherehani, kwa uchangamfu wake wa kawaida, akamuuliza Bomba kama leo amesalimika au amepitia uani. Watu wakacheka. Bomba akatabasamu lile tabasamu lake la kumaliza maneno.

"Leo tumesalimika wote," akasema.

Dobi hakuweza kuvumilia. "Si wote," alisema. "Nimekunywa mimi. Saa nane, mafunda mawili, kwa kusudi. Huyu alinikuta na hakunitangaza. Jina la Bomba nililianzisha mimi, na naomba liishe leo."

Kisha fundi cherehani akatikisa kichwa kwa mapenzi, akampigapiga Dobi begani.

"Mwoneni mtu wa dua," akawaambia wenzake. "Kamfuma tena shemeji yake anakunywa, na safari hii anambebea."

Wakaitikia mashaallah. Dobi akaapa. Kadiri alivyozidi kuapa ndivyo walivyozidi kumwona mnyenyekevu, na ndivyo macho yalivyozidi kumgeukia Bomba, makali kuliko ya mwaka jana, kwamba kanywa na bado anamwacha mkubwa wake achafuke kwa ajili yake. Adhana ikatoka. Dobi alipewa tende ya kwanza, kwa mikono miwili. Bomba alipewa ya mwisho.

Walipokuwa wakikunja mkeka Dobi alimshika mkono, akamwomba radhi, akasema hajui afanye nini tena, maana watu hawamwamini.

"Jina ulinipa kwa neno moja, shemeji," Bomba alimwambia. "Kunivua, utasema sana."

Asubuhi yake mteja wa kwanza alifuata kanzu yake, akasimama pembeni ili aone funda na asikie dua. Dobi aliichukua chupa.

"Kabla sijaanza," akasema, "jana mchana nilikunywa maji. Aliyenikuta ni shemeji yangu, na yeye alikuwa amefunga. Usimwite Bomba."

Mteja alicheka, akamwambia aache utani wake. Dobi akaiweka pasi chini, akaanza kumweleza upya.